Mdomo Kwanza

Shemeji Lipagile alisema, hakujua nimesikia:
"Kaka yako huyu, Somoe, kaganda hapa kama ruba."
Ilikuwa Machi, bondeni Kitere,
maji ya mpunga yamefika magotini,
na mimi mwezi wa nne chini ya bati lao
tangu kazi za mjini zikauke,
ndoo yangu ya mwiko imegeuka kiota cha kuku.

Sikujibu. Alfajiri nikashuka jarubani
(litazame neno lenyewe:
ruba kajificha nyuma ya silabi moja)
nikamkuta kwenye kifundo cha mguu,
mweusi, mstari wa kijani mgongoni,
hajauma bado.
Nikamtia kwenye beseni la Somoe.

Mimi ni fundi niru. Miaka ishirini na miwili
naujua ukuta kwa kiganja kabla ya jicho:
huu una chumvi,
huu kaupiga lipu mtu mwenye haraka,
huu utatoka mba kabla ya Idi.
Basi nikataka kujua mwenzangu anajua nini.

Nikampa kigae cheupe, kipande kilichobaki Shangani.
Akanyanyua kichwa, kama kile ni kichwa,
akakiyumbisha hewani,
kidole cha kipofu kinachotafuta kitasa.
Akagusa.
Akagusa tena, pembeni kidogo.
Nyuma alikuwa ameshika vilevile,
na hapo ndipo nilipoinama zaidi:
hakuachia nyuma mpaka mbele kukubali.
Mdomo kwanza, mkia baadaye,
akakipima kigae shubiri kwa shubiri
kama mshonaji asiye na deni.

Nikaweka msasa, namba themanini.
Akagusa, akarudisha mdomo
kama aliyeonja uji wa moto.
Akajaribu ukingoni, maana hata yeye haamini mara moja,
kisha akakata shauri.
Msasa una vijitundu, mshiko unavuja;
hilo hakufundishwa na mtu.
Gome la mkorosho akalizunguka,
akapata sehemu moja iliyolika ikawa laini,
akakaa, akafikiri, akaondoka.
Kitambaa cha khanga hakukisogelea.
Chupa ya soda aliipanda hadi shingoni.

Somoe akaja na ungo.
"Unafanya nini na mdudu?"
"Namuuliza anapenda ukuta gani."
Akacheka, mara ya kwanza wiki ile,
akachovya mkono kuosha matope.
Maji yakatikisika.
Ruba akaiacha chupa bila kuaga,
akaogelea, utepe unaojikunja na kujikunjua,
hadi kwenye mkono wa dada yangu.
Akagusa kiganja. Sugu za jembe. Hapana.
Akagusa kidole kilichoungua sufuria. Hapana.
Akapanda taratibu mpaka pale kwenye kifundo cha mkono,
ngozi ilipo nyembamba na mshipa unapita
kama mto usio na jina kwenye ramani.
Hapo akatua.

"Kumbe anachagua," Somoe akasema.
"Anachagua kuliko…"
Akanyamaza, akaitazama nyumba yake,
matofali ya kuchoma yasiyowahi kuonja lipu
tangu siku ya harusi.

Sikumwekea chumvi wala tumbaku.
Nilipitisha ukucha chini ya mdomo wake, polepole,
akaachia, nikamrudisha jarubani.
Tone moja la damu lilimfuata Somoe hadi jikoni.

Jioni, Lipagile akiwa kwenye mnada wa korosho,
nilifukuza kuku, nikaosha mwiko,
nikasimama mbele ya ukuta wake.
Nikaweka kiganja. Ulikuwa na kiu, na vumbi,
na joto la mchana lililokataa kuondoka.
Nikakinyanyua.
Nikagusa tena, pembeni kidogo.

Nyuma yangu, nilihisi, kitu fulani
bado kimeshika Shangani.